Dhambi Iliyosamehewa na Masalio Yake

Mhadhara uliotolewa mjini Mombasa mbele ya walimu, makasisi na wazee wa makanisa

 

 Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze juu ya athari za dhambi zidumuzo, kwa mujibu wa imani ya Kikristo. Mada hii ina njia mbili zilizokwisha kukanyagwa sana na wahubiri: ya kwanza ni ile ya kuwatisha watu kwa moto wa Jehanamu mpaka wakatubu kwa hofu, na ya pili ni ile ya kuwatuliza kwa habari za msamaha mpaka wakasahau kwamba palikuwa na jambo la kutubiwa. Sikusudii kufuata hata moja katika hizo. Nakusudia kuuliza swali moja tu na kulifuata popote litakapotupeleka: mtu akitubu toba ya kweli, na Mwenyezi Mungu akamghofiria kwa kweli, yale yaliyokwisha kutendeka hukaa wapi, na mzigo wake huchukuliwa na nani?

Jibu langu nalitoa tangu sasa, ili msikilizaji asidhani namfichia kitu. Aghalabu huchukuliwa na mtu wa tatu, ambaye hakushauriwa wakati wa kutenda wala hakuitwa wakati wa kusamehe. Na Kanisa linalotangaza msamaha pasipo kumwuliza mtu huyo hali yake limefanya nusu tu ya kazi ya Bwana wake.

La kwanza: kupambanua hatia na athari

Hatia ni jambo lililo baina ya mtenda dhambi na Mola wake, na imani yetu yafundisha kwamba Mola akiisha kuiondoa, imeondoka, wala hairudi kuhesabiwa mara ya pili. Athari ni jambo jingine: ni lile tendo lenyewe, likiendelea kutembea duniani baada ya mtendaji wake kulitubia. Mtu akiukata mnazi wa jirani yake kwa hasira, na jirani akamsamehe jioni ile ile, wakala sahani moja, msamaha huo ni kamili wala hauna upungufu. Lakini mnazi utakaopandwa mahali pa ule hautazaa kabla ya miaka sita au saba kupita, na muda huo wote watakaokosa nazi ya kupikia ni watu wa nyumba ya jirani, siyo wa nyumba ya mkataji.

Kwa kuyachanganya mambo haya mawili watu wamekosea pande zote mbili. Wako wasemao kwamba mtoto aliyezaliwa na kilema ni malipo ya madhambi ya wazazi wake, na neno hilo wamelisema hata mbele ya mama aliyempakata. Lakini Bwana Yesu aliulizwa jambo hili hili juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, kama isimuliavyo Injili ya Yohana katika sura ya 9, naye akalikataa waziwazi. Kabla yake nabii Ezekieli, akiwa kati ya wahamishwa kule Babeli katika karne ya 6 kabla ya Kristo, aliipiga marufuku methali ya watu wake iliyodai kwamba baba wakila zabibu kali, ganzi hushika meno ya watoto. Akafundisha, katika sura ya 18 ya kitabu chake, kwamba kila nafsi itachukua hatia yake yenyewe. Na wako wasemao kinyume cha hayo: maadamu hatia imeondoka, hakuna kilichobaki, na mwenye kuyauliza yaliyopita anamsimanga aliyesamehewa. Walakini hebu tumtazame Ezekieli alikuwa amekaa wapi alipoyasema yale. Alikuwa kando ya mto Kebari, mbali na Yerusalemu, pamoja na watoto wachanga ambao hawakuwa na mkono wowote katika mambo yaliyouangusha mji ule. Hatia haikuwa yao. Uhamisho ulikuwa wao. Nawaombeni muishike tofauti hii, kwa kuwa yote nitakayoyasema baadaye yamesimama juu yake.

Najua kwamba wenzetu Wakatoliki wana mafundisho mapana juu ya adhabu ya muda ibakiayo baada ya hatia kuondolewa, na kwamba Waprotestanti wameyapinga tangu karne ya 16. Hoja hiyo ni kubwa, nayo ina wanazuoni wake. Mimi nataka niende mahali ambapo pande zote mbili zasoma kitabu kimoja.

La pili: nyumba ya Daudi

Habari hizi zimo katika Kitabu cha Pili cha Samweli, kuanzia sura ya 11, nami nawasihi mzisome tena mkifika nyumbani, mkiendelea mpaka sura ya 20 pasipo kukoma pale tulipozoea kukoma. Sisi hukoma sura ya 12. Mfalme Daudi ametwaa Bathsheba, mke wa Uria Mhiti, wakati jeshi lake limeuhusuru mji wa Raba; amemwita Uria kutoka vitani ili aende kulala nyumbani na kuisitiri mimba, na Uria, kwa uaminifu wake, amelala mlangoni pa jumba la mfalme kwa sababu wenzake wamelala uwanjani; amempa Uria huyo huyo barua ya kumpelekea Yoabu, jemadari wa jeshi, na ndani yake mna amri ya kumwua mchukuzi wake. Kisha anakuja nabii Nathani na kisa chake cha tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wa pekee, Daudi anajihukumu kwa kinywa chake mwenyewe, anakiri, naye anaambiwa kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake. Hapo twafunga kitabu, twaimba.

Mwandishi wa kitabu hakufunga. Alikuwa na ujasiri ambao sisi hatuna. Katika maneno yale yale ya nabii yenye msamaha mlikuwa na taarifa kwamba upanga hautaondoka katika nyumba ya mfalme, na kuanzia sura ya 13 mwandishi anaanza kutuonyesha, polepole na kwa uchungu, upanga huo ukipita chumba hata chumba.

Wa kwanza kuumia baada ya mtoto mchanga aliyefariki siku ya saba ni binti, jina lake Tamari. Amnoni, mzaliwa wa kwanza wa Daudi, alimtamani dada yake huyu wa mama mwingine, akajifanya mgonjwa, akamwomba mfalme amtume Tamari aje kumwandalia chakula. Na Daudi, pasipo kujua, ndiye aliyemtuma binti yake aingie katika nyumba ile. Tamari alimsihi Amnoni kwa maneno ya hekima ambayo hayapungui hekima ya mshauri yeyote wa mfalme yule; hakusikilizwa. Akanajisiwa, akafukuzwa, mlango ukafungwa nyuma yake kwa komeo, naye akaenda zake akilia, amelirarua vazi lake la binti wa mfalme. Daudi alipopata habari, kitabu chatuambia, alighadhibika mno. Na baada ya neno hilo la ghadhabu hakuna neno jingine. Hakuita mashahidi, hakumhukumu mwanawe, wala hatusomi kwamba alikwenda kumtazama binti yake.

Nimejiuliza mara nyingi: mfalme huyu, aliyekuwa hodari wa kuamua mambo ya watu hata akamkatia hukumu tajiri wa kisa cha Nathani kabla kisa hakijaisha, ulimi wake ulifungwa na nini? Kitabu hakisemi, nami sitaki kukilazimisha. Lakini kila mzazi aliyemo humu anaweza kuona shida yake. Angemwitaje mwanawe na kumwambia kwamba mwanamke hatwaliwi kwa nguvu za mwenye cheo? Dhambi iliyosamehewa ilikuwa imemwachia uzima, na ilikuwa imemnyang'anya sauti. Na aliyekosa mwamuzi kwa sababu hiyo ni Tamari, ambaye katika mambo ya Bathsheba na Uria hakuwa na sehemu yoyote.

Tamari akakaa ukiwa nyumbani mwa ndugu yake Absalomu, na hatusikii tena akisema neno, ila kwamba Absalomu alipozaa binti alimpa jina hilo la Tamari. Mahali ambapo sheria ilikaa kimya, kisasi kilisema. Absalomu alingoja miaka miwili, akamwua Amnoni katika karamu ya kukata manyoya ya kondoo, akakimbilia Geshuri kwa babu yake, akakaa huko miaka mitatu; akarudishwa Yerusalemu, akakaa miaka miwili mingine bila kuuona uso wa baba yake; kisha, walipokwisha kupatana, akawa akijisimamisha langoni asubuhi na mapema, akiwaambia wenye mashtaka kwamba katika nchi hii hapana mtu wa kuwasikiliza. Fikirini, mabwana, kwa nini neno hilo liliwaingia watu moyoni. Lilikuwa na chembe ya kweli ndani yake, na aliyeitia chembe hiyo ni Daudi mwenyewe.

Fitina ya Absalomu ilipotokea Hebroni, mshauri mkuu wa mfalme, Ahithofeli, alikwenda upande wake. Msomaji mwangalifu ataona kwamba Bathsheba aliitwa binti wa Eliamu, na kwamba mbele, katika orodha ya mashujaa wa sura ya 23, yuko Eliamu mwana wa Ahithofeli. Ikiwa Eliamu huyo ni mmoja, kama wengi walivyodhani, basi aliyemshauri Absalomu alikuwa babu wa yule mwanamke. Na shauri alilolitoa lilikuwa ni kupiga hema juu ya dari ya jumba la mfalme, dari ambayo Daudi alitembea juu yake jioni ile ya kwanza alipomwona Bathsheba, ili Absalomu awaingilie masuria wa baba yake mbele ya Israeli wote. Vita vilipopiganwa katika msitu wa Efraimu walikufa watu 20,000 kwa hesabu ya kitabu, na Absalomu mwenyewe akauawa na Yoabu, yule yule aliyeipokea barua mkononi mwa Uria.

Lakini siwezi kuliacha jambo hili pasipo kuwataja wanawake kumi. Walikuwa masuria walioachwa kulinda nyumba Daudi alipomkimbia Absalomu. Wao ndio walioingizwa katika hema lile juu ya dari. Daudi aliporudi aliwaweka katika nyumba yenye ulinzi, akawapa chakula, asiwaingie tena. Wakakaa wamefungiwa hata siku ya kufa kwao, wakiishi kama wajane ilhali mume wao yu hai. Mstari mmoja tu, sura ya 20, mstari wa 3. Mfalme alikuwa amekwisha kusamehewa miaka mingi. Kiti chake kilimrudia. Wale kumi hawakutoka.

Kwa insafu sharti niseme pia lililo jema kwa Daudi, kwa sababu mhadhara huu haukuja kumshtaki mtu ambaye Mungu amemsamehe. Alipokuwa akikimbia, mtu mmoja aitwaye Shimei alitoka akamlaani na kumtupia mawe. Mmoja wa mashujaa wake akataka kumkata kichwa, naye Daudi akamkataza, akasema kwamba huenda laana ile ni neno la Bwana. Huyo ni mtu aliyezikubali athari bila kukata tamaa na bila kutafuta wa kumtwika. Fauka ya hayo, Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati chataja wana wanne aliozaa na Bathsheba, na mmoja wao aliitwa Nathani, jina la yule nabii aliyemfunua. Naye Mathayo, alipoiandika nasaba ya Kristo karne nyingi baadaye, hakumwita mama yake Sulemani kwa jina; alimtaja kama mwanamke aliyekuwa mke wa Uria. Injili ya msamaha haikulifuta jina la aliyedhulumiwa. Ililiandika katika ukurasa wake wa kwanza.

La tatu: dhambi ikiwa na hati na bei

Sasa natoka katika nyumba ya mtu mmoja, naja katika pwani yetu hii. Biashara ya watumwa ilikuwa na mikono mingi ya kila rangi na kila dini, na Mkristo asidhani kwamba anaweza kunyoosha kidole kwa wengine na yeye akabaki safi. Mwaka wa 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, na visiwa hivyo vilikuwa na makanisa.

Katika bahari ya upande wa pili wa Afrika, alikuwako Mwingereza John Newton. Mwaka wa 1748 dhoruba kali ilimkuta baharini, akamlilia Mungu, akaongoka. Na baada ya kuongoka huko aliendelea na biashara ya watumwa, akawa nahodha wa merikebu zao, mpaka alipoacha bahari mwaka wa 1754. Baadaye akawa kasisi, akatunga wimbo wa Amazing Grace uimbwao dunia nzima. Hata hivyo ulikuwa mwaka wa 1788 alipotoa kijitabu cha kukiri hadharani yale aliyoyaona na kuyatenda, akatoa na ushahidi mbele ya wakuu wa serikali ya nchi yake. Sina shaka yoyote juu ya maghufira yake. Lakini kati ya mwaka wa 1754 na wa 1788 ni miaka 34, na katika miaka hiyo yote watu aliowachukua melini walikuwa wakilima miwa ng'ambo, wakizaa watoto walioandikwa katika daftari za mali. Yeye alikuwa na amani. Wao walikuwa na jembe.

Turudi kwetu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa mwaka wa 1873, naye Askofu Edward Steere akajenga kanisa kuu pale pale, na jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka huo huo. Mwaka wa 1875 wamisionari walianzisha Freretown, hapa ng'ambo ya kisiwa chetu, makao ya watu waliookolewa majahazini. Hizo zilikuwa kazi za rehema, nami nazisifu kwa moyo wote. Lakini wale Wayao, Wamakua na Wanyasa walioteremshwa pale, wengi wao wakiwa wadogo, walipewa majina ya ubatizo, na hakuna aliyeweza kuwapa kwao. Dhuria zao wako hai, wengine wamo humu ukumbini. Na mtu akiwauliza ukoo wao na kaburi la babu yao wa nne, jibu huishia kwenye lango la misheni.

Na ilipokuja zamu ya sheria kuufuta utumwa wenyewe, tazameni fedha zilikwenda wapi. Uingereza ilipotunga sheria ya mwaka wa 1833 kwa makoloni yake, ilitenga pauni milioni 20 za fidia, na fidia hiyo ilikuwa ya mabwana. Huko Unguja, kwa amri ya mwaka wa 1897, mtumwa alitakiwa aende mahakamani kuomba uhuru wake na kuonyesha kwamba ana makao na njia ya riziki, ilhali fidia ilikwenda kwa bwana wake. Kadhalika katika pwani ya Kenya, mwaka wa 1907, aliyefidiwa ni mwenye mtumwa. Dhambi ilikiriwa, ikatiwa sahihi, ikafungwa katika faili. Na katika hesabu yote ile mtu aliyeuzwa hakuwa na safu yake.

La nne: malipo

Hapa nitakuwa mfupi, kwa kuwa Maandiko ni wazi. Sura ya 6 ya Mambo ya Walawi yaamuru kwamba aliyemdhulumu mwenziwe arudishe mali kamili na kuongeza sehemu ya tano, na kwamba ampe mwenyewe siku ile ile aletapo sadaka yake ya hatia. Madhabahu na mlango wa jirani viliwekwa katika siku moja. Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, hakungoja kuhubiriwa malipo; wokovu ulipoingia nyumbani mwake alianza mara moja kuhesabu, nusu kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemtoza kwa hila. Na wazee wetu wa Uamsho, ule ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, walilishika jambo hili kuliko sisi tulio warithi wao: mtu aliyeokoka alirudisha alivyoiba, akalipa madeni ya zamani, akaenda kwa mtu aliyemchukia akamwomba radhi kwa jina. Wako waliowacheka.

Mtauliza, na mna haki ya kuuliza, itakuwaje kwa yale yasiyolipika? Tamari hakulipika. Nasaba iliyopotea hairudishwi kwa shilingi. Nami sidai kwamba mwanadamu anaweza kuifidia kila athari. Tukidai hivyo tutakuwa tumemwondolea Kristo kazi yake, na tumaini letu la ufufuo, ambapo Mungu mwenyewe atafuta kila chozi, litakuwa limekosa maana. Nasema tu kwamba lisilolipika laweza kukiriwa mbele ya aliyeumia, laweza kusikilizwa likisimuliwa tena na tena bila aliyesamehewa kukunja uso, na laweza kubebwa kwa sehemu. Hayo matatu yamo katika uwezo wetu.

Yaliyo mbele yetu

Mheshimiwa Mwenyekiti, wengi tuliomo humu hukaa katika mabaraza ya wazee. Twajua desturi ilivyo. Mtu amezini, au amekula fedha za shirika, au amempiga mkewe hata akamvunja mkono, anatengwa, baada ya miezi analeta ombi, anasimama mbele ya baraza, anatubu, wakati mwingine kwa machozi ya kweli, anarudishwa kundini, na Jumapili ijayo yuko kwenye Meza ya Bwana. Furaha hiyo ni halali. Lakini katika daftari za kumbukumbu za mabaraza nilizopata kuzisoma, na nimezisoma nyingi, niliona ombi la mwenye kutubu, niliona azimio la wazee, na kwa nadra sana niliona mstari mmoja juu ya yule binti, au wale wenye shirika, au yule mke na mkono wake.

Napendekeza basi kwamba kuanzia sasa pasiwe na kikao cha kumrudisha mtu kundini ambacho hakikutanguliwa na wazee wawili, mmoja wao mwanamke, kwenda kwa aliyeumizwa kumsikiliza. Siyo kumtaka asamehe, kwa maana hilo ni jambo lake na Mungu wake, bali kumwuliza ni kipi kilichobaki juu yake na ni kipi kati ya hicho kinachoweza kuondolewa: ada ya shule ya mtoto aliyezaliwa, deni, jina lililochafuliwa, hofu ya kukutana na mtu yule kisimani. Majibu yake yaandikwe katika daftari, na aliyetubu apewe sehemu yake ya kubeba, ikifuatwa mwaka hata mwaka. Kadhalika nawaomba wakuu wa misheni wenye hati za kale za watu waliookolewa majahazini, zenye majina yao ya kwanza na nchi walikotwaliwa, wazifungue kwa dhuria zao, na vijana wetu wa vyuo wapewe kazi ya kuzinakili kabla mchwa na unyevu havijazimaliza.

Mwenyekiti ameniarifu kwamba mhadhara huu utapigwa chapa. Namshukuru, na ombi langu kwake ni kwamba nakala za kwanza zipelekwe kwa makatibu wa mabaraza ya wazee, zifike mikononi mwao kabla ya kikao chao kijacho cha kuwapokea waliotengwa.